Quart Sita za Gari ya Bibi Harusi

Kijiweni kwa Saliha, pale mtaani Buyenzi mafundi wanapokunywea kahawa, Tajudini aliiacha kahawa yake ikapoa. Mbele ya benchi ilisimama pikapu ya Kimarekani iliyopambwa maua, ya kumpeleka mpwa wake Houda kwa mumewe, mtaa wa Kanyosha, baada ya alasiri. Asubuhi yeye mwenyewe alikuwa amemwaga mafuta ya giaboksi kwa kuwa yalinuka kuungua. Sasa kitabu cha gari kilimtaka atie quart sita, na giaboksi ile haikuwa na kijiti cha kupimia. Akizidisha, itakufa, akipunguza, itakufa vilevile.

Massoudi, waliyemwita Komisa kwa kupenda kukata kesi, akaikata na hii.

— Quart ni Kifaransa, Taju. Ni robo. Robo sita, litre moja na nusu. We mimina tu.

Tajudini akamwambia hayo hayatoshi hata kulowesha gia.

Mirindi seremala, ambaye kijiweni ni Mchwa, alikubali kuwa ni robo, ila robo ya galoni. Na galoni kila mutu anaijua: ni bidon ya njano ya kuchotea maji, litre makumi mbili. Robo yake tano. Mara sita, thelathini.

— Thelathini itaingia wapi, Mchwa? aliuliza Tajudini.

— Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba ni robo ya pishi. Wazee wetu walikuwa na quart mbele ya Wamarekani.

Anouar, mwenye duka la vitambaa, mjukuu wa Waomani, akaiuliza simu. Simu ikajibu kwamba quart ya Marekani haifiki litre, kasoro kidogo. Ya Uingereza inaipita. Tajudini akashusha pumzi, akanyoosha mkono achukue mafuta. Anouar akamshika mkono.

— Ngoja. Gari ilitokea Dubai. Kule walifuata vipimo vya Mwingereza.

— Apana, ilizaliwa Amerika, alisema Komisa. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Mabishano yakaanza upya, safari hii juu ya uraia wa gari. Ndipo alipotokea Houda mwenyewe, hina mikononi, amechoka kungoja. Akawaamkia, akasikiliza kidogo.

— Mjomba, yale uliyotoa asubuhi yalijaza chombo gani?

Tajudini akamtazama Mchwa, kwa maana yeye ndiye aliyepewa mafuta yale apake mbao zisiliwe na wadudu.

— Mi nilichovya brashi tu, sikuangalia yalifika wapi, alisema Mchwa polepole. Mbao zimeisha kupakwa zote, na mafuta yameisha.

Adhana ya alasiri ikalia. Waliporudi kutoka kuswali, Houda alikuwa ameketi kwenye usukani. Akamwambia mjomba wake aitoe gari kwenye gia, wasukume.

Wakasukuma, Komisa na Anouar upande mmoja, Mchwa na Tajudini upande wa pili, wanawake wakipiga vigelegele nyuma, hadi Kanyosha. Wakwe walidhani ndivyo Buyenzi wanavyomheshimu bibi harusi. Wajomba wa bwana harusi wakavua makoti, wakaja kusukuma nao mpaka uani. Tajudini, jasho machoni, akaona fahari, wala hakuwasahihisha.