Papa Marcellin Ngoie, Mwalimu wa Wanyama Ishirini na Watatu

Baba mchungaji, wafiwa, majirani wa Turffontein, na ninyi nyote mliofunga saluni na kuacha vyerehani asubuhi hii ili mketi nasi, familia inawasimulia maisha ya mzee wetu Marcellin Ngoie Kisimba, ambaye wengi mlimwita Papa Marcellin, na wachache, kwa utani, Papa Punda.

Alizaliwa tarehe 9 Februari 1962 huko Kipushi, Katanga, mtoto wa pili kati ya sita wa Papa Gustave Kisimba, fundi wa mgodini, na Mama Thérèse Mwewa. Alianza shule ya msingi hapohapo Kipushi mwaka 1968, akahitimu ualimu Lubumbashi mwaka 1981, akafundisha darasa la pili miaka kumi na saba, na hakuwahi kuanza somo kabla ya kuita majina yote, na aliyekosekana alifuatwa kwao siku hiyohiyo.

Jumamosi tarehe 18 Agosti 1990 alifunga ndoa na Mama Agnès Mujinga, Mungu akawajalia watoto watatu, Shekinah, Gaston na Exaucé, na mwaka 1999, mshahara wa ualimu ulipoacha kuja, alitangulia Johannesburg, akalinda lango la karakana moja Doornfontein, familia ikamfuata baada ya miaka miwili.

Juni 2009 aliajiriwa kuwa mlinzi wa kituo cha kuokoa wanyama, shambani nje ya Magaliesburg, kwa Tannie Hettie, yaani Shangazi Hettie, mama mzungu wa Kiafrikana anayepokea punda waliochoshwa na mikokoteni, farasi wazee waliomaliza mbio, na mbwa waliotupwa barabarani. Wezi hawakuja, baridi ndiyo ilikuja, na asubuhi moja ya jalidi Tannie Hettie alimkuta mlinzi wake anatetemeka na shati tu, koti la kazi likiwa mgongoni mwa punda. Tangu hapo akawa mtunzaji, akanunua daftari, akampa kila mnyama jina la Kikristo, na kila asubuhi akawaita mmoja mmoja kabla hajamwaga majani.

Ndiyo sababu Julai 2012, punda jike Madeleine alipougua mapafu, Papa aliandika jina lake katika daftari la wagonjwa la kanisa, bila maelezo, kama anavyoandikwa muumini yeyote. Kina mama wetu hawaachi mgonjwa bila kumtembelea, lakini walinong'ona wiki nzima, huyu Madeleine ni nani huko shambani kwa mume wa Agnès, kisha wakakodi teksi, na chungu cha uji na blanketi jipya, Mama Agnès amekaa kiti cha mbele.

"Papa Marcellin, mgonjwa iko wapi?"

"Njo huyu, mama zangu, karibuni, lakini musipite nyuma yake."

Mama Agnès alimtazama punda, akamtazama mumewe, akasema, "Wiki nzima sikulala, kumbe mupinzani wangu iko na masikio ya hivi!" Akacheka mpaka akakaa chini, na kina mama wakaomba hapohapo, maana walikuja kuomba.

Machi 2024 madaktari walimwambia kwamba figo zake zimechoka. Aprili mwaka huu Tannie Hettie, mwenye miaka themanini na mmoja, alisema wazi kwamba bila mtu wa kushika kazi ile kituo kitafungwa kabla kipupwe hakijaisha, na wanyama wazee wasiotakiwa na mtu watachomwa sindano ya mwisho. Papa alikuwa na figo mbili zilizokataa na wanyama ishirini na watatu, na hofu yake yote ilikuwa ya wale ishirini na watatu. Alimwomba Shekinah, binti yake mkubwa, msusi wa Newtown, naye akajibu, "Papa, mimi ni mutu ya nywele za watu, si ya mikia ya punda."

"Nywele ni nywele, mama," akasema Papa, na hakurudia ombi.

Juni alipolazwa, Shekinah alianza kwenda shambani kila Jumatatu, siku saluni inapofungwa, na jioni akamletea daftari, Papa akapitisha kidole juu ya majina, kisha wakaongea habari nyingine. Jumanne tarehe 15 Julai 2025, saa tano asubuhi, alifariki akiwa na miaka sitini na mitatu, mkono wake ukiwa katika mkono wa Mama Agnès.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika tangu Jumanne, walinzi wenzake, na Tannie Hettie, ambaye hawezi kusafiri.

Mmeuliza kwa nini kiti cha mtoto wa kwanza hapa mbele kiko wazi, na wengine mmesema ni aibu. Jalidi imeanguka leo, na wanyama walipaswa kula, kwa hiyo Shekinah yuko shambani, ameacha saluni, na hii ni siku yake ya kwanza ya kazi. Atatukuta makaburini, msiangalie viatu vyake.

Nenda ukapumzike, Papa Marcellin, kazi imepata mtu.