Asikute Imezimika

Juu ya lori la kwenda Kabambare, Mama Viviane alikuwa amepakata sola ndogo, simu yake ikichaji. Salomon, mchimba dhahabu aliyeketi kando yake, akamwuliza, "Mama, unachaji tangu Kasongo, na hakuna anayepiga?"

"Mutoto wangu alienda ku machimbo. Siku akipata rezo ya kunipigia, asikute simu yangu imezimika."

"Pengine alikusahau tu, mama."

Viviane akaigeuza sola ielekee jua. "Na wewe, mama yako anajua uko muzima?"

Salomon akatoa simu yake iliyozimika. Viviane akachomoa ya kwake, akamchomekea.

"Nitamwambia nini, na sikupata kitu?"

"Kwani atakuuliza dhahabu?"

Lori likasimama Lusangi. Salomon akachomoa simu yake, sasa imewaka, akashuka, akasimama barabarani akiitazama namba ya mama yake.