Unga wa Nicanor na Vifuniko vya Mama Mkwe

Wazazi wetu, majirani wa Gatwekera, wakwe zetu wa Kawangware, tunawasomea maisha ya ndugu yetu Nicanor Oluoch, na atakayecheka asione haya, maana mwenyewe angecheka.

Nicanor alizaliwa tarehe 9 Mei 1981, Gatwekera, Kibera, kitinda mimba wa Mzee Lazarus na Mama Magdaline, akasoma shule za hapo hapo mtaani, kisha chuo kikuu, alikosomea kemia hadi uzamifu, na Mama akazunguka Kibera nzima akitangaza kwamba mwanawe ni daktari, ila asipelekewe mtu mwenye homa.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza unga wa fuwele za metali na kaboni, zenye vitundu vidogo mno, ambao ukitiwa kwenye maji machafu na kupigwa na mwanga huvunjavunja uchafu. Unga wa kwanza ulikuwa mweupe, ukidai taa maalum ya maabara, basi akabadilisha kiungo kimoja, ukawa wa manjano, akiomba Mungu utosheke na mwanga huu wa kawaida wa jua, uyasafishe maji ya buluu ya wapaka rangi jinzi yanayopita mlangoni pa mama yake.

Tarehe 12 Desemba 2009 alimwoa Maggie, binti ya Mzee Ephantus Kabiru wa Kawangware, wakajaliwa Audrey na Chris, wakapanga kwenye ploti ya mkwe, jambo ambalo Wajaluo wenzake, ambao kwao mwanamume haishi kwa wakwe, walilisema weee hadi wakachoka.

Kuanzia 2022, kila asubuhi alianika uani makarai ya maji ya rangi yenye unga, akaenda kazini, na jioni maji bado buluu! Kumbe Mama Wamucii, mkwewe, asiyevumilia maji yaliyoachwa wazi, aliyafunika kwa vifuniko vya sufuria, na jioni akayafunua, mali ya watu isionekane imeguswa. Nicanor, kwa malezi yetu, hakuzungumza na mama mkwe ana kwa ana, naye mama aliiheshimu mila hiyo, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Maskini, zaidi ya miaka miwili akadhani unga ni bure, akauboresha, akauboresha tena, hadi ukaanza kupausha rangi kwa mwanga unaopenya ukingoni mwa kifuniko, naye bado analalamika.

Januari 2025 figo zilimlaza nyumbani, akachungulia dirishani, akaviona vifuniko, akapiga kelele, ai, Mama, unafanya nini, na hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kumwambia. Vilipoondolewa, kufikia chakula cha mchana kijiko kilichopotelea kwenye karai kilionekana chini kabisa. Nicanor alicheka, halafu akalia. Wenzake chuoni walipima, wakakiri hawajaona unga unaoridhika na mwanga kidogo hivyo.

Nicanor alipozidiwa, Mama Wamucii alivuta kiti hadi kitandani, akamlisha uji kwa mkono wake, na hakuna Mjaluo aliyethubutu kufungua mdomo. Ndugu yetu alituacha tarehe 17 Agosti 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa pande zote mbili, na wenzake wanaouendeleza unga huo. Mama Wamucii ameomba tusome pia kwamba yeye hakufiwa na mkwe, amefiwa na mtoto.

Nicanor, pumzika sasa, kwa amani.