Kitoroli cha Mikono Miwili: Maisha ya Fundi Futi

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu katika lile jengo la ofisi la ghorofa saba, familia inawaomba mtulie, wenye viti na wasio na viti, kwa sababu historia hii ni ndefu kidogo kuliko mlivyozoea, na marehemu mwenyewe aliagiza isikatwe.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Futi, alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, baba yake akiwa mlinzi wa kiwanda hicho na mama yake mshonaji wa nguo za wanawake, aliyeweka cherehani yake karibu na mlango ili apate mwanga. Jina la Futi alilipata akiwa na miaka sita, alipochukua futi ya mama yake na kupima kila kilichosimama na kilicholala, mlango, paka, hadi jirani aliyekuwa amejipumzisha barazani, na jirani huyo alipozinduka na kukuta anapimwa kutoka kisogoni hadi kisiginoni, alipiga kelele, "Mama wee, mwanao ananipimia jeneza!", na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lingine.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha sekondari hadi 1975, ambako hesabu alizipenda na insha zilimshinda, na mwaka 1976 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu mwezi Novemba 1977 na kupata cheti cha kuchomelea na kuunganisha vyuma. Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika karakana ya vitanda vya chuma, aliyoingia Februari 1978 na kudumu nayo hadi ilipofungwa mwaka 1986, na tarehe 2 Machi 1987 aliajiriwa kuwa fundi wa matengenezo katika jengo mlijualo, akapewa chumba cha chini ya ngazi, kisicho na dirisha, kilichokuwa karakana yake kwa miaka thelathini na moja.

Wiki ya tatu ya kazi hiyo alitumwa ghorofa ya nne kurekebisha bawaba ya mlango, akamkuta msichana wa usafi amemaliza kupiga deki, naye bila kuinua kichwa akamwambia, "Kaka, ukikanyaga hapo, hilo dekio nakukabidhi wewe." Marehemu alisimama kwenye kizingiti dakika ishirini akisubiri sakafu ikauke, mlango ukiwa haujaguswa, na mwenyewe alikuwa akisema kwamba huo ndio ulikuwa uchumba wao wote. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Mei 1988, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa 1989, ambaye ni mwalimu, na kijana aliyezaliwa 1992, ambaye ni fundi umeme.

Sasa tunafika pale ambapo marehemu alitaka tufike taratibu.

Mwaka 1996 jengo lilitandikwa mazulia, na zikaletwa mashine za kufyonza vumbi, moja kila ghorofa, zile zenye umbo la pipa dogo lenye bomba refu la mpira, na kila ghorofa ilikuwa na wafanya usafi wawili. Ghorofa ya nne alikuwapo mke wa marehemu na mwenzake, mama mmoja mfupi, mwenye sauti, aliyeanza kazi siku moja na yeye, ndiyo maana jengo zima likamwita Pacha, mmoja akibeba pipa, mwingine akishika bomba na ndoo, wakibadilishana kila korido. Mashine ilikuwa na magurudumu madogo kama vifungo vya koti, yaliyokwama kwenye kila kizingiti, na ukiivuta kwa bomba ilipinduka chali, kwa hiyo waliibeba mikononi kama mgonjwa, na waliipa jina la Mama Mkwe, kwa sababu, Pacha alisema, inanguruma kutwa, haishibi, na huruhusiwi kuijibu.

Tarehe 11 Novemba 1996, saa nne asubuhi, mke wa marehemu aliinama kuivusha mashine kwenye kizingiti cha chumba cha mikutano, akashindwa kuinuka, na Pacha ndiye aliyemkalisha chini, akamvua viatu, akaenda kumwita marehemu kwa kukimbia ngazi nne kwa sababu lifti ilikuwa ikisubiriwa na wakubwa. Daktari alisema pingili mbili za mgongo zimesogea, asibebe kitu kizito, lakini kazi ilikuwa ni hiyo hiyo, na baada ya wiki tatu alirudi kazini, Pacha akibeba pipa peke yake na kumwachia mwenzake bomba.

Hapo ndipo marehemu alipoanza kuunda kitoroli. La kwanza kulifanya lilikuwa kumsimamisha mkewe wima sebuleni, mikono ikining'inia, akapima kutoka sakafuni hadi kwenye ngumi yake, akapata sentimita sabini na moja, kisha akaenda kumpima Pacha, akapata sitini na sita, akaandika yote mawili ukutani kwa penseli. Kitoroli cha kwanza alikifungia magurudumu ya kiti cha ofisi kilichovunjika, yakanasa nyuzi za zulia na kusimama, cha pili alikifungia magurudumu makubwa ya kigari cha mtoto, kikavuka vizingiti vizuri lakini kikabeba mashine juu mno, bomba likivutwa kinaanguka ubavu, na Pacha akamwambia, "Shemeji, huyu Mama Mkwe wako amelewa." Alikaa karibu mwaka mzima akichora na kufuta, hadi alipogundua kwamba mashine haitakiwi kukaa juu ya magurudumu, inatakiwa kuning'inia katikati yake, tako likiwa vidole vitatu tu kutoka sakafuni, gurudumu dogo la kuzunguka mbele, mshikio urefu wa ngumi, ndoano ya waya upande wa kulia na kishikilia ndoo upande wa kushoto, na pipa limefungwa kwa utepe wa mpira wa tairi ili lisirukeruke.

Kilikamilika Jumapili tarehe 22 Machi 1998. Siku nne baadaye mke wa marehemu alikuwa akikisukuma kwenye korido ya nne, Pacha akitembea nyuma yake mikono mitupu, wanacheka, na marehemu amesimama mlangoni akitazama magurudumu, msimamizi wa usafi alipotoka kwenye lifti na kuuliza hicho ni nini. Marehemu alieleza kila kitu, vizingiti, ndoano, vidole vitatu, na msimamizi akauliza kama ni kizito, naye akajibu kwa furaha, maneno ambayo aliyarudia mbele yetu mara nyingi kuliko sala, "Kizito wapi, bosi! Mtu mmoja, kidole kimoja!"

Jumatatu tarehe 6 Aprili 1998, Pacha alipewa barua ya kuachishwa kazi, iliyosema kwamba kufuatia vifaa vipya, ghorofa ya nne inahitaji mtu mmoja.

Wiki hiyo hiyo marehemu aliagizwa atengeneze vitoroli vingine sita, kwa ghorofa zilizobaki. Mkewe alimwambia mezani, watoto wakisikia, "Baba watoto, hivyo sita usivifanye." Akajibu, "Nikikataa mimi, wataleta fundi mwingine." Mkewe akasema, "Wamlete." Marehemu alivitengeneza vyote sita, vizuri, bila kasoro, akavikabidhi tarehe 30 Juni 1998, na kabla ya Septemba wafanya usafi wengine sita walikuwa wameondoka, na baadhi yao, au watoto wao, wameketi nasi hapa. Kampuni ilimpa cheti cha ubunifu mbele ya wafanyakazi, watu wakapiga makofi, naye akakikunja mara nne na kukitia chini ya mguu wa meza yake ya kazi uliokuwa unacheza, na mwaka 2018 alipostaafu alikiacha palepale, akisema meza bado inakihitaji.

Mke wa marehemu aliendelea peke yake, akaongezewa na nusu ya ghorofa ya tano kwa kuwa ana kitoroli, na mgongo uliokusudiwa kuokolewa ukamaliza kazi tarehe 30 Septemba 2004, alipoondoka jengoni akitembelea fimbo, na ndiyo maana leo amewapokea akiwa ameketi, msimwone ana kiburi.

Marehemu alikwenda kwa Pacha mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi ule ule wa Aprili, na Pacha hakufungua, alisema akiwa ndani, "Shemeji, umekuja na futi? Pitisha chini ya mlango nijipime, nione nafaa wapi." Mara ya pili ilikuwa mwaka 2001, alimkuta katika chumba kimoja cha kupanga, akifua nguo za watu kwa mikono, akamkaribisha, akamsikiliza akikiri lile neno lake la kidole kimoja hadi mwisho, kisha akamuuliza, "Hayo unayoniambia mimi, kule jengoni umemwambia nani?" Marehemu akasema hajamwambia mtu. Pacha akasema, "Basi mimi nilishayajua," akarudi kwenye beseni lake.

Baada ya kustaafu alianza kutengeneza kitoroli cha mwisho, uani kwake, na majirani mtakumbuka mlivyomtania kwamba amerudia utotoni. Kilikuwa na mishikio miwili, mmoja sentimita sabini na moja, mwingine sitini na sita, kila mmoja una breki yake, na breki zote mbili zimefungwa wakati wote mpaka zibanwe kwa pamoja, na mishikio iko mbali kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kuifikia yote. Kwa maneno mengine, ni kitoroli ambacho mtu mmoja hawezi kukisukuma hata akitaka, na marehemu alikuwa akikiita, bila kuona aibu, kifaa cha kijinga kuliko vyote alivyowahi kuunda, na alikipaka rangi mara mbili.

Tarehe 21 Machi 2019 alikipakia kwenye gari la kukodi akakipeleka kwa Pacha, ili amwonyeshe, na tunadhani, ili amchekeshe. Mlango ulifunguliwa na binti wa Pacha, aliyesema, "Mama tulimzika mwezi uliopita, mzee. Tarehe kumi na saba." Marehemu aliuliza kama anaweza kukiacha hapo. Binti alikitazama, akasema, "Mzee wangu, hapa hatuna zulia." Akarudi nacho, yeye na dereva wakibana breki, mmoja kila upande, kutoka barabarani hadi uani.

Mwezi Agosti 2022 alianza kukohoa na kupungua mwili, na vipimo vya Januari 2023 vilionyesha mapafu yameharibika, madaktari wakitaja moshi wa kuchomelea kwa miaka mingi katika chumba kisicho na dirisha, akatibiwa, akapata nafuu, akalazwa tena tarehe 3 Mei 2024. Akiwa wodini alimwita binti yake, akamwambia achukue daftari, akamwandikisha mambo haya kwa siku tisa, pumzi ikikatika, na mwisho akasema, "Siku mkinisomea, la kitoroli msilisome nusu. Mkisifia magurudumu, mtaje na walioondoka. Kama hamwezi, someni tarehe tu mnizike." Alifariki dunia Jumatano tarehe 12 Juni 2024, saa nane mchana, mkewe akiwa amemshika ngumi ile ile aliyozoea kushikia nyundo, marehemu akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Familia haikukubaliana mara moja. Kaka mkubwa wa marehemu alisema watu wanakuja kulia, hawaji kusikiliza kesi, na kwamba mdogo wake alikuwa fundi, hakuwa hakimu. Tulibishana siku nzima. Jana adhuhuri alifika binti wa Pacha, ambaye tulimpelekea habari bila kutegemea aje, akawapa mkono wote, hakuketi, akauliza swali moja tu, "Hilo la mama mtalisema mbele za watu, au mmeniita nile tu?" Kaka mkubwa akasema, "Litasomwa, mwanangu. Ila lisomwe polepole, mie masikio yangu mazito." Ndipo akaketi, na kwa hiyo tumesoma polepole.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliokesha nasi na kuleta maji na viti, dereva aliyembeba marehemu mara zote za kliniki, na wafanyakazi wa jengo, waliopo na waliowahi kuwapo, na hasa saba walioondoka mwaka 1998, ambao hatuna cha kuwapa zaidi ya haya yaliyosemwa. Kitoroli cha mikono miwili kiko uani, asubuhi kimebeba pipa la maji ya wageni, na waliokisukuma hawakuchaguliwa na mtu, ni binti wa marehemu kwenye sabini na moja, na binti wa Pacha kwenye sitini na sita.

Fundi Futi, limesemwa lote, halikusomwa nusu. Weka futi chini. Pumzika kwa amani.