Kaka Yetu na Watu Wake wa Alhamisi

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako baba alikuwa fundi wa breki. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto sita. Mimi ni kitinda mimba. Wasifu huu ulikuwa usomwe na wifi yangu, lakini amesema kilio hakitamruhusu. Mimi nitaweza, maana nina hasira kidogo.

Alisoma shule ya msingi jirani na karakana ya reli kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari ya ufundi hadi 1975. Huko aliandika tamthilia yake ya kwanza na ya mwisho. Siku ilipochezwa, watu walicheka pale alipotaka walie. Hakuandika tena, alisema bora awe msikilizaji.

Mwaka 1978 aliajiriwa kuwa mpiga chapa katika ofisi ya manispaa, akastaafu 2013. Tarehe 14 Juni 1986 alifunga ndoa na wifi, fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili. Wifi alidhani ameolewa na mtu mmoja. Alhamisi ya kwanza wakaingia tisa sebuleni.

Hao ndio watu wa Alhamisi. Yeyote aliyetamani kuandika tamthilia alikaribishwa na mswada wake. Kulikuwa na kabati la tamthilia za kuazima, na nyuma ya mlango yalibandikwa matangazo ya mashindano na siku zake za mwisho. Wenzako walikusomea mswada kwa sauti, wewe ukiwa umepigwa marufuku kufungua mdomo, kisha kaka akashika penseli. Mwalimu mmoja wa hesabu alileta wahusika arobaini na wawili. Kaka akamuuliza kwa upole watu wote hao watakaa wapi. Wakabaki watano, na tamthilia ikajaza ukumbi. Mwalimu mwenyewe yule pale mbele, kwenye viti vya familia. Sisemi kitu.

Mimi pia ninaandika. Kwa miaka kumi na tisa nilimpelekea kaka miswada yangu, naye akairudisha bila hata alama moja. "Nzuri sana, mdogo wangu." Basi. Watu baki wanachambuliwa mstari kwa mstari, mimi wa tumbo moja napewa pipi. Nilikuwa naona wivu, ndugu zangu, wivu wa kukosesha mtu usingizi, na hata leo haujaisha.

Figo zilianza kumsumbua Novemba mwaka juzi. Julai mwaka huu, akiwa amelazwa, nilimpelekea tamthilia mpya ya kurasa sabini na saba. Nikamwambia kama ni mbaya aseme, nimechoka kubembelezwa.

"Wale wa Alhamisi wakinuna wataondoka, watakuja wengine," alisema. "Wewe ukininunia, nitampata wapi mwingine?"

Nikamwahidi sitanuna. Akaomba penseli.

Alisoma siku nne, kwa shida, karatasi zikiwa juu ya mto. Ukurasa wa tatu aliandika: "Mama huyu anahubiri. Mnyamazishe." Wa kumi na mbili: "Uongo." Nilitoka nikalia kwenye korido, nikanawa uso, nikarudi kumfungulia ukurasa wa kumi na tatu. Alifika wa thelathini na moja. Alifariki tarehe 2 Agosti, saa tatu asubuhi, mimi na wifi tukiwa kando yake.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, wadogo zake watano, na watu wa Alhamisi ambao hata yeye hakuwajua idadi. Wamenijia kwa moyo mwema kabisa, wakasema watanisomea kurasa zilizobaki. Asanteni. Hapana. Hizo arobaini na sita ni za kaka yangu, hazitaguswa na penseli ya mtu mwingine.

Ulale salama, kaka. Sijanuna.