Mikono Mitupu ya Daktari Mwanamize

Jumamosi tarehe 31 Mei 2008, saa nane za mchana, Daktari Mwanamize Saeed atalitundika koti lake jeupe kwenye msumari nyuma ya mlango kwa mara ya mwisho. Ameitumikia maabara yetu miaka ishirini na mitano. Wasifu wake wa Kiarabu umeandikwa na wakubwa. Huu wa Kiswahili ameutaka mwenyewe, akasema uandikwe na sisi wa dirisha la kupokea damu, kwa sababu dirishani ndiko yanakojulikana mambo ya watu.

Alizaliwa Unguja, akaja Maskati akiwa msichana, akenda kusoma Cairo na kurudi na udaktari wa biokemia. Alichosomea ni vimeng'enya. Wazee wake hawakuridhika: miaka yote hiyo, kwa kitu ambacho hata ukikodoa macho hukioni? Akawafahamisha kwa maneno ambayo kila aliyefundishwa naye anayajua kwa moyo. Kimeng'enya ni kama mpishi wa harusi. Yeye haingii ndani ya sufuria, lakini asipokuja, wageni watarudi na njaa. Mwilini wamo wapishi maelfu, na kila mmoja ana sufuria yake.

Daktari alimshika mpishi mmoja tu, yule anayekaa ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzilinda. Familia nyingi za huku, na zetu za pwani pia, zina watoto waliopungukiwa naye, wavulana hasa, na upungufu huo huupata kwa mama. Mtoto kama huyo huishi salama salimini mpaka akutane na kitu kinachomdhuru: fuli, zile kunde nene za asubuhi, vidonge vyeupe vya kufukuza nondo kwenye sanduku la nguo, au hina, akiwa mchanga. Hapo chembe hupasuka, mtoto akawa manjano na mkojo wake ukawa kama chai ya rangi.

Kimeng'enya hakipendi joto, na joto la Maskati halihitaji kuelezwa. Kwa hivyo friza lake lilikuwa kama msikiti, huingii ovyo. Siku Musallam, dereva wetu, alipoficha humo nguru aliyemnunua Sib, Daktari hakupiga kelele. Alimpa nguru namba ya mgonjwa, akampeleka dirishani, na Musallam akalazimika kupanga foleni kumchukua.

Lakini kisa kinachomweleza zaidi ni cha kijiji cha Qantab, mwaka 1996. Alizaliwa mtoto akaitwa Sinan, akavishwa nguo zilizotoka sandukuni na harufu ya vile vidonge. Wiki ya pili akawa manjano, akalazwa, akaongezwa damu, akapona. Kipimo chake kikatoka kizuri: kimeng'enya kamili. Wodini wakafurahi. Daktari akakataa kutia sahihi.

Alisema chembe za zamani, zilizokuwa hazina mlinzi, zimeshapasuka. Zilizobaki ni za kuongezwa na changa zilizotoka jana, na hizo lazima zionekane nzima. Ukienda kijijini ukakuta wazee wameondoka, wamebaki vijana na wageni, utasema watu wa hapa hawaugui? Kipimo cha kweli kingoje miezi mitatu. Tatizo ni kwamba arubaini ya mtoto ilikuwa Alhamisi ile, na nyumbani kwao hina ya kumtia ilikuwa imeshachekechwa. Chembe zikipasuka mara ya pili, pengine mtoto asiwahi kufika hospitali.

Nyumba ile haikuwa na simu. Daktari akachukua gari yake, akamwita Levi, fundi wetu wa maabara aliyekuwa ndiyo kwanza amefika kutoka Kisumu. Levi akaja amefunga tai.

"Daktari, kwani tumealikwa?"

"Tumealikwa. Wenyewe hawajajua tu."

Waliwakuta wanawake wamejaa ukumbini, na Bi Masouda, bibi mzaa mama, bakuli la hina mkononi. Daktari akatoa salamu, akasema lililomleta. Bi Masouda akamtazama juu mpaka chini.

"We mwanangu, hina imeanza jana? Mie nimetiwa, mamaako katiwa, na wewe umetiwa ukiwa huna hata jino. Nani kafa?"

"Waliokufa hawapo hapa kutujibu, bi mkubwa."

Levi anasema alitamani kurudi garini. Daktari hakujua kwamba Bi Masouda alizika wavulana wake wawili Unguja, wote siku chache baada ya arubaini, wote manjano, na watu wakasema ni jicho. Alipoambiwa pale pale, alikaa chini kwenye mkeka, akamshika mkono, akamwambia si jicho wala si kosa la mama, hakuna aliyejua. Bi Masouda akaliweka bakuli chini. Lakini si mtu wa kushindwa hivi hivi.

"Haya. Mtoto hatiwi hina. Na wewe usitie, maadamu unawakataza wenzio. Tuone kama utaweza."

"Nimekubali," akasema Daktari.

Miezi mitatu baadaye kipimo kilirudiwa: mpishi hayupo kabisa. Bi Masouda alituma sinia la vitumbua maabara. Habari ya hina hakuitaja.

Daktari naye hakuitaja, ila aliishika ahadi. Harusi ya binti yake Jawaher, mwaka 2001, mama wa bibi harusi alikaa mikono mitupu, mpaka mawifi wakanong'onezana kama kuna msiba wamefichwa. Yeye alikuwa akicheka tu. Alisema atawaambiaje mama wachanga waache, na viganja vyake vinang'aa?

Miaka yote hiyo aliomba mikutanoni watoto wote wapimwe, na mwaka 2004 akakubaliwa. Sasa kila anayezaliwa hospitalini kwetu hupimwa damu ya kitovu kabla hajenda nyumbani. Mama akiondoka na mtoto aliyepungukiwa, anaondoka anajua. Sisi tuliozaa juzijuzi tunajua pia upole wake mwengine: akikukuta unasinzia dirishani, hukwambia, "Nenda kajinyooshe kidogo. Damu haina miguu, haitokimbia," akakaa yeye kwenye kiti chako.

Wiki iliyopita dirisha lilipigiwa simu kutoka Qantab.

"Huyo daktari wenu, kaacha kukataza watu?"

Bi Masouda akajibiwa anaacha Jumamosi tarehe 31.

"Basi mwambieni Alhamisi itakayofuata asioshe chombo. Nnakuja na bakuli langu."

Kwa hivyo Alhamisi tarehe 5 Juni, baada ya alasiri, sote tukutane Sib nyumbani kwa Jawaher. Levi, kwa tahadhari, amempima Daktari damu yake mwenyewe: mpishi yupo, mnene, hana wasiwasi. Na kazi ya kukataza haijastaafu. Tumeirithi sisi wa dirishani, na mama atakayetubishia atuletee hoja, asituletee bakuli.

Daktari wetu, ahsante kwa watoto wetu. Mungu akupe umri wenye afya na usingizi wa asubuhi, ukae raha mustarehe, na hina yako ikolee.