Mzizi wa Kumpelekea Mama

Treni ya Kigoma ilipokwisha kuondoka Tabora, muuguzi Getruda, aliyekuwa likizoni, alimsikia mwanamke aliyeitwa Apolinaria akimwonyesha mzee aliyeketi kando yake mzizi uliofungwa kitambaani.

"Unaitwa jinsengi, baba. Nimepewa na tabibu wa Kichina. Kwao wanasema unapambana na saratani. Nampelekea mama katika kijiji chetu cha ujamaa. Ziwa lake limekuwa donda."

Mzee Mfaume, muuza mitishamba wa mtaa wa Mtendeni, akaunusa. "Huu hutia mwili nguvu, mwanangu. Sijaona uvimbe uliotoweka kwa mzizi."

"Hujaona wewe. Mungu je?"

"Mungu simsemei. Mrudishe hospitali."

"Hospitali ndiyo iliyomrudisha nyumbani."

Getruda akainamisha macho. Alijua maana ya kurudishwa nyumbani, maana wangapi amewafungia virago kwa mikono yake!

"Basi uchungu wa mzizi utamtesa bure," mzee akashikilia.

"Leo siku ya nne hajatia kitu kinywani, baba. Akiunywa huu, angalau atakuwa amepokea kitu mkononi mwangu."

Treni iliposimama Usoke, Apolinaria akaufunga tena mzizi kitambaani, akateremka.